Mishono Saba

Jirani yetu mfamasia hakulia siku ya kumzika mama yake, wala hakulia baadaye. Alikuwa mzito tu, kama ufizi uliopigwa ganzi. Wiki tatu zilipopita, Jumamosi asubuhi, alikwenda na mdogo wake kuhamisha vitu kwenye nyumba ya wazazi wao.

Mdogo wake, dereva wa lori ambaye nyumbani bado walimwita Kitinda, alianzia sebuleni. Alifuta vumbi kwenye gramafoni ya kabati, lile dude refu la mbao lenye miguu minne na spika zilizovikwa kitambaa, akafunua kifuniko.

"Dada, harufu ileile!"

Zamani, kila Jumapili baada ya chakula, watu watano walikaa mbele yake. Kila mmoja alikuwa na santuri moja ndogo aliyoichagua mwenyewe. Baba alizipanga zote kwenye mhimili, zikawa zinadondoka moja moja, taf, taf. Wimbo wako ukifika, wewe ndiye unayekaa kiti cha mbele, wengine kimya. Kitinda pekee ndiye aliyeshindwa kukaa. Alicheza mpaka siku moja akapindua birika la chai.

Baba alipofariki, mama, ambaye alikuwa mshonaji, alichukua bahasha ya santuri ya baba akaishona mdomo kwa uzi mweusi. Mishono saba, kwa mkono. Kisha akachomeka sindano kwenye kola ya gauni lake, kama kawaida yake. Dada yao mkubwa alipofariki naye, mama akashona ya pili. "Wapumzike," alisema, basi.

Sasa Kitinda alizitoa bahasha kwenye droo. Ya baba. Ya dada mkubwa. Ya mama.

Ya mama ilikuwa imeshonwa.

"Umeishona wewe?" Kitinda aliuliza.

"Mimi? Kifungo cha koti tu nampelekea fundi."

"Basi nani? Funguo si unazo wewe peke yako?"

Tangu maziko mfamasia alikuwa akipita hapa kila jioni kufungua madirisha. Alikuwa akikaa kidogo, kisha anaondoka. Zaidi ya hapo hakukumbuka.

Kitinda akatoa ya nne, yake mwenyewe. Akacheka. Kisha akaugeuza mdomo wake.

Mishono minne. Sindano ilikuwa inaning'inia kwenye uzi.

"Dada, kesho nina safari."

"Ni mzaha wa mtu."

"Mtu gani?"

Kitinda alitoka kwenda garini kuchukua mkasi. Hakumaliza dakika tatu. Aliporudi, dada yake alikuwa ameketi kiti cha mbele, bahasha mapajani.

Mishono ilikuwa mitano.

"Umefanya nini?" alinong'ona.

"Nimekaa tu."

"Nionyeshe mkono."

Aliunyoosha. Kwenye ncha ya kidole cha shahada kulikuwa na vitundu vidogo. Vingi vimekauka. Kimoja kibichi, kina tone la damu. Alivihesabu kama anavyohesabu vidonge. Kumi na viwili. Saba vya mama. Vitano vya Kitinda.

Hakuwa amesikia maumivu ya hata kimoja.

"Kata," alisema taratibu. "Kata wewe. Mimi usinipe mkasi."

Kitinda alikata uzi wote wa bahasha yake, akaenda kuitumbukiza sindano kwenye shimo la choo.

"Santuri yako ondoka nayo. Usiniambie unaipeleka wapi."

"Na wewe, Dada?"

"Yangu ninayo."

Bahasha ya tano haikuwa na uzi. Aliitia mkobani.

Jumatatu saa nne asubuhi, simu iliita kwenye duka la dawa.

"Nimefika, Dada. Hata tairi halikupata pancha!"

"Vizuri," alisema, akarudi kwenye vidonge vyake. Mteja mmoja, mama mtu mzima, akainama juu ya kaunta.

"Dada, unavuja damu."

Aliangalia. Tundu la kumi na tatu.

Akafungua mkoba chini ya kaunta. Mdomoni mwa bahasha yake kulikuwa na mshono mmoja mweusi, umenyooka, mshono wa mama kabisa. Ni yangu, aliwaza. Si ya Kitinda. Alisubiri hofu ije. Haikuja.

"Na hiyo sindano itakuchoma," mteja alisema, akionyesha kola ya koti jeupe la mfamasia.

Hakuigusa. Alitupa kidonge chenye damu, akaanza kuhesabu upya.

Moja.