Mbavu Kumi na Nne za Paa la Bilal

Picha ya saba ndiyo iliyokuwa na kasoro. Boriti, ambazo Honorine alizilenga mwenyewe kwa uangalifu, zilitoka na ukungu. Chembe za vumbi zilizoelea chini yake, mahali pasipo na kitu, zilitoka wazi kiasi cha kuweza kuhesabiwa.

Aliushuku mkono wake kwanza, kisha lenzi. Honorine hakuwa mtu wa kurukia hitimisho. Kwa miaka tisa aliwapigia wenye majengo wa Lubumbashi picha za nyufa na nguzo kwa ajili ya mafaili ya mashauri, na alijua kwamba kasoro nyingi zina sababu ya kawaida, ambayo mwenye subira huipata. Picha za boriti zilikuwa zake binafsi. Humo hakutafuta nyumba wala ufundi, bali mistari, pembetatu na nafasi nyeusi kati ya ubao na ubao, hadi mtazamaji asahau kwamba anatazama mti.

Paa lilikuwa la Bilal, seremala wa mtaa wa Annexe, mume wa rafiki yake Amida. Bilal alikuwa amelibomoa boti kuukuu la wavuvi huko Kasenga na kulileta kwa lori. Kama ilivyo desturi yake, aliandika namba kwa chaki juu ya kila ubao kadiri ulivyotoka, ili ajue upi umezoea kukaa na upi. Alikusudia kuzichanganya mbao hizo akifika, ili zilizozoeana zitengane. Honorine ndiye aliyemzuia. Alipoziona mbavu kumi na nne za boti zimelazwa uani kwa mfuatano, kila mmoja mfupi kidogo kuliko uliotangulia, aliomba ziinuliwe vivyo hivyo, na plafond, yaani dari ya chini, isiwekwe mpaka amalize picha zake. Bilal alicheka, akakubali. Hivyo boti likawa boti tena, likiwa limepinduliwa juu ya kitanda cha mtu na mkewe.

Wiki ya pili Amida akaanza kukohoa maji.

Halikuwa kohozi. Yalikuwa maji meupe, yenye harufu ya tope na samaki, mwezi wa kumi, miezi mitano tangu mvua ya mwisho. Hospitalini walimtoa maji kifuani, akapona kwa siku tatu. Aliporudi nyumbani, kesho yake yalikuwa yamejaa tena.

"Docteur anasema tungojee," Bilal alimwambia Honorine mlangoni, kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie. "Tungojee nini, maman? Kila asubuyi natosha inje beseni mbili ya maji."

"Haukumupeleka kulala mahali ingine, jana?"

"Alikatala. Anasema akitoka inje ya chumba, pumzi inabakia mu nyumba."

Honorine akaingia na futi ya kupimia na kamera mbili, kuichunguza kasoro ya ile picha ya saba. Amida alikuwa kitandani, ameegemea mito, midomo imepauka.

"Ulikuya kuniona ao kuona mbao zangu?" aliuliza.

"Mbao. Weye nakuona kila siku."

Amida alicheka, kicheko kikaishia katika kikohozi.

Ilikuwa saa sita mchana, jua likipenya kwenye mianya ya mabati, katikati ya mbavu, na kuchora mistari sawasawa sakafuni. Honorine alisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akapima: kutoka lenzi hadi ubavu wa kati, mita nne na sentimita kumi. Akaiacha kamera ilenge yenyewe. Pete ya lenzi inayoonyesha umbali ilisimama kwenye mita tatu. Aliielekeza ukutani, nayo ikasoma sawasawa. Aliirudisha juu: mita mbili na nusu. Akabadilisha kamera, kwa kuwa vyombo viwili visivyofahamiana haviwezi kukubaliana uongo mmoja, na ile ya pili ikasimama kwenye mita mbili na robo, kisha, bila yeye kuigusa, pete ikajisogeza tena kidogo, kama jicho linalomfuata mtu anayekaribia.

Hapo ndipo aliposikia maji yakipiga ubao, taratibu, upande wa nje wa mbavu, mahali palipopaswa kuwa na mabati na anga tu. Akabonyeza, akatazama kioo cha kamera, akaona kwamba mbavu alizozijua zimenyooka zilipinda mahali pamoja, kama kijiti kinavyopinda kikitumbukizwa ndani ya maji, na kwamba mpindo huo ulikuwa na mabega, na chini ya mabega mikono mirefu, na kwamba kile alichodhani ni vumbi kilikuwa kimetulia juu ya ngozi fulani isiyoonekana, kikiishukia shuka, kikilishukia tumbo la Amida, kikikilalia kifua chake kwa utulivu wa mtu anayelala chumbani mwake, huku Amida akifumbua macho na kinywa, na pumzi isitoke.

"Bilal," alisema, akashangaa jinsi sauti yake ilivyokuwa ndogo. "Mwite mwalimu."

Mwalimu Mawazo, aliyewafundisha watoto wa mtaa Kurani, alikuwa mjomba wa Amida. Alikaa kwenye kigoda, akasoma aya kwa muda mrefu, kisha akamuuliza aliyelala, bila kupandisha sauti, "Weye ni nani, na unatafuta nini mu kifua ya mutoto wangu?"

Kinywa kilichojibu kilikuwa cha Amida. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya chini, yenye majimaji.

"Miye sikukuya kwenu. Nilikuwa mu nyumba yangu, muliivunja. Muliirudisha mbavu kwa mbavu, nikaingia. Huyu mwanamuke njo analala mu nyumba yangu."

"Tutaitosha leo," alisema Bilal, akionyesha mbavu za paa.

"Toshani. Basi nitabakia humu ndani."

Kifua cha Amida kilikoroma. Mwalimu akasoma tena, mara tatu, na mara zote tatu kucha za Amida zilizidi kuwa za buluu, hata akaacha kusoma.

"Kile kintu ya ule mama," sauti iliendelea, "kiko na mbavu zote. Kumi na ine, mu mustari. Anipe ile."

Wote waligeuka kumtazama Honorine. Mwalimu alisema polepole, "Anaomba picha. Ahadi kwa hawa majini hairudishwi nyuma, maman. Siwezi kukulazimisha."

Honorine alipima. Amida alijua idadi ya mbavu, kwa kuwa alizihesabu kila siku akiwa amelala chali. Homa huwasemesha watu. Lenzi mbili zaweza kudanganywa na joto moja. Kila dai lilikuwa na jibu lake, na kila jibu lingeweza kusimama. Ila kulithibitisha hata moja kulihitaji muda, na muda wenyewe ulikuwa ukitoka katika mapafu ya rafiki yake.

"Nitakupa picha moja, ya karatasi," alisema. "Zingine zote nitafuta. Utamuacha Amida kabisa, na Bilal, na mwalimu, na mutu yote atazaliwa mu hii nyumba. Mpaka siku gani?"

"Mpaka mbavu za mu picha zitaachana."

"Nakubali."

Bilal alipanda mara moja akang'oa ubavu wa kwanza. Alipofika wa tano, Amida aliuliza nani amekufa, mbona wote wamenuna namna hiyo.

Uani, mwalimu alimshika Honorine mkono. "Ulitaja watu wote. Weye mwenyewe haukujitaja."

"Najua," alisema Honorine. "Niliona wakati nilishamaliza kusema."

Jioni hiyo alichapisha picha moja, akafuta zingine zote, akaitundika hiyo chumbani mwake, mtaa wa Bel-Air. Angeweza kuikata vipande kwa mkasi, na mara mbili aliushika huo mkasi. Lakini hakuna aliyemwambia mbavu zikishaachana mwenye nyumba ataelekea wapi, na jaribio pekee la kulijua hilo lingefanyika katika kifua cha Amida.

Alhamisi ya wiki ya tatu tangu siku hiyo, simu iliita asubuhi.

"Nimelala kama mutoto," alisema Amida. "Bilal anakoroma, njo shida moja tu inabakia. Na weye? Uko muzuri?"

Honorine aliiweka simu juu ya shuka, akainamia beseni, akakohoa maji mpaka kinywa chake kikawa kitupu, akajipangusa.

"Niko muzuri," alisema.