Marehemu Asiyekula Firigisi

Siku ya arobaini, saa nne asubuhi, marehemu Mzee Pazi aliketi mkekani ghorofa ya sitini, anang'aa, hana hata doa la tambuu, akiwasimulia waombolezaji maisha yake.

Alikuwa mwanga mtupu. Kilichomtoa ni kitungamarehemu, chombo cha ukubwa wa kinu alichokiunda mwanawe, injinia Mwinshehe. Chombo kiliikusanya sauti ya marehemu, kikawasikiliza ndugu wote, kisha kikamtunga upya, anayetembea na kujibu. Kilichobaki ni kiganja cha mjane. Akikibandika juu ya chombo, habari inafungwa isibadilike tena, na vitukuu watamjua Pazi huyo huyo, si mwingine.

Lakini nani kwetu humsema maiti vibaya? Ndugu walisifu tu. Watani, wenye ruhusa ya kumchambua marehemu, hawakuulizwa.

Bi Semeni, mjane, alimtazama kama mtu aliyekuta nzi kwenye uji.

"We Pazi, firigisi ya kuku wa Idi aliila nani?"

"Nilikuachia wewe, mke wangu mpenzi," mwanga ukajibu.

Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, Bi Semeni hakuwahi kuitwa mpenzi. Aliitwa "we Semeni", na firigisi hakuwahi kuionja.

"Weka mkono, mama," Mwinshehe akambembeleza.

"Ngoja niteme mate kwanza. Yamejaa."

Mlango ukafunguka. Nyamizi, mama wa Kinyamwezi, mtani wao, akaingia amevaa kanzu ya marehemu na kandambili za rangi mbili, anachechemea kama yeye. Akaenda moja kwa moja kwenye sufuria la pilau, akafunua, akanusa, akachomoa nyama, akajifuta vidole kwenye pazia.

"We Semeni, chumvi imekwenda hija?"

Watu wakavunjika mbavu. Bi Semeni alicheka hadi akalia, kilio chake cha kwanza tangu mazishi. Mwizi wake amerudi.

"Mgeni huyu hafanani na marehemu," kitungamarehemu kikasema kwa adabu.

Mwinshehe peke yake hakucheka. Majuma kadhaa alikuwa akila na kuzungumza na ule mwanga.

"Shangazi Nyamizi anamwigiza nani?" akauliza, hana utani. "Baba hakuwa hivyo."

Mtoto huyu alifundishwa na baba yake kudokoa nyama kabla hajajua kutembea. Kinyaa kikampanda Bi Semeni. Akakivuta kiganja, akakifuta kwenye kanga mara mbili, ingawa hakuwa amegusa kitu.

"Nyamizi, hebu mwibie huyu. Labda atamkumbuka baba yake."

Nyamizi akanyoosha mkono kwenye sahani ya Mwinshehe.

Mwinshehe akamsogezea sahani yote, kwa adabu ile ile ya kitungamarehemu.