Nesi Aliyempunguzia Kiplangat Pumzi

— Weka mkono chini, sister. Hiyo mashine usiiguse.

Linah alikuwa amesimama katikati ya nesi na kitanda. Kitandani alilala mumewe, Kiplangat. Nimonia ilikuwa imemwangusha ICU hapa Nakuru, mpira kooni, kifua kikipanda na kushuka kwa amri ya mashine.

— Mama, niko kazini, nesi Chesang akasema.

— Kazi gani? Jana ilikuwa inampumulia vizuri. Leo umebonyeza, ikaanza kunyamazanyamaza.

— Daktari ameagiza.

— Daktari hakuachwa na Kiplangat. Wewe uliachwa.

Kwao Subukia kila mtu alijua: wazee walishapanga siku ya Chesang kuchumbiwa, ndipo Kiplangat akamwona Linah.

— Na hii? Linah akatoa simu ya mumewe, akasoma ujumbe wa Chesang: "Linah asijue, kama ulivyosema. Njoo kesho, nitakungoja mlangoni." Mlango upi huo?

— Wa eksirei. Alikuwa anakohoa damu. Akaogopa kukushtua ukiwa na hiyo mimba.

— Mdomo wako una asali.

— Wewe si unafuga? Ndama ukimfundisha kunywa kwa ndoo unafanyaje?

Linah akajibu shingo upande:

— Unamnyonyesha kidole ndani ya maziwa. Akishika, unakitoa polepole.

— Basi. Jana mashine ilikuwa inamsukumia hewa, atake asitake. Leo inangoja avute mwenyewe, ndipo imsaidie. Nikimwachia ile ya jana, kifua kitasahau kazi.

— Na asipovuta?

— Inalia, halafu inampumulia kama jana. Simama hapo uone kama nadanganya.

Mashine ikanyamaza. Kisha kifua cha Kiplangat kikainuka chenyewe, kidogo, kwa kusitasita, na mashine ikafuata nyuma.

Linah hakubanduka pale. Alikuwa bado hajamwamini nesi. Aliamini kifua.

Mpira ulipotolewa, Kiplangat akapelekwa wodi ya kawaida. Aliamka akakuta wale wanawake wawili wakinywa chai ya thermos moja. Sauti yake ilikwaruza kama bawaba yenye kutu.

— Linah, naweza kueleza.

— Kikohozi? Nishaelezwa. Ukinificha tena, huo mpira nitaurudisha mimi.

— Wacha maneno, vuta pumzi, Chesang akamwambia.

Kiplangat akavuta. Akamtazama huyu, akamtazama yule, wote wanacheka.

— Nyinyi mmeanza kuelewana lini?

Linah akamwongezea Chesang chai, na zamu ya kushuku ikawa ya mgonjwa.