Wanane Majini

Firimbi ndiyo iliyoharibu mambo. Jioni ile ya Aprili, Levina alikuwa ameshaweka mguu mmoja mtumbwini alipokumbuka kwamba ameiacha kibandani. Akawaambia vijana watangulie, wasiyapite matete, yeye atawafuata na mtumbwi mdogo. Masika yalikuwa yamelifunika bonde, mashamba ya mpunga yamezama, maji yametandaa toka Ifakara mpaka macho yanachoka. Kwa shule ya kufundisha vijana kuendesha mitumbwi ya tanga, hakuna msimu mzuri kuliko huo.

Shule yenyewe msiifikirie kubwa. Ni kibanda kimoja, mitumbwi mitatu yenye matanga ya turubai, na watu wawili wa kujitolea. Levina alifundisha darasa la tano asubuhi na upepo jioni. Mwenzake, Mzee Salvatory, Mndamba aliyezeekea mtoni, alifundisha yale ambayo Levina hakuyapata kwenye semina ya usalama kule Morogoro. Walielewana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Mzee hakuhesabu watu. Alihesabu makasia: kijana akienda majini anachukua moja, akirudi analirudisha, basi.

"Watu hawahesabiwi mbele ya maji, mwalimu," alimwambia mara nyingi.

Levina alicheka, kwa heshima, kisha akaleta ubao na chaki, akaupigilia misumari ukutani. WALIO MAJINI, aliandika kwa herufi kubwa. Na jioni ile, kabla ya kuikumbuka firimbi, alikuwa ameshaandika chini yake: 8.

Vijana walikuwa saba. Wa nane alikuwa yeye mwenyewe, na yeye hakwenda.

Firimbi ilikuwa imeanguka nyuma ya gunia la maboya. Alipoipata na kutoka nje, jua lilikuwa limezama nyuma ya Udzungwa na upepo umekata. Hata jani la tete halikutikisika. Lakini matanga mawili yalikuwa yanarudi...

Yamejaa.

Akasikia harufu toka majini, kama ya kambare aliyesahaulika kwenye ndoo. Mtumbwi wa mbele uliongozwa na Sikitu, binti mkubwa kuliko wenzake, asiyejua mzaha akishika usukani.

"Sikitu, mpo wangapi?"

"Tupo wote, mwalimu." Sauti ya Sikitu ilikuwa tulivu mno. "Wanane."

Levina akahesabu mwenyewe. Wanne mbele. Wanne nyuma. Na kule nyuma, kando ya Aneth, mwanawe wa pekee, alikaa mtu mzima aliyevaa boya, kainamisha kichwa. Kitenge chake Levina alikijua. Ndicho alichokuwa amekivaa yeye mwenyewe.

"Mama," Aneth akaita, sauti ndogo ikiteleza juu ya maji, "mbona umesimama huko, na huku umenishika mkono?"

Hofu ilimpanda Levina, na pamoja nayo ikaja akili ya haraka, ile akili mbaya. Alikimbilia ubao. Mzee Salvatory, aliyekuwa akishona tanga nyuma ya kibanda, alitokea na sindano mkononi.

"Usifute," alinong'ona. "Mwalimu... usifute."

Kiganja cha Levina kilikuwa kimeshapita. Akaandika 7.

"Ukishautajia mto idadi, mto unaitimiza," mzee alisema. "Hauchagui ni nani."

Mitumbwi ikagusa ukingo. Wakashuka mmoja mmoja, wakilaza makasia chini. Levina alihesabu. Saba. Alitaka kushukuru. Ndipo mzee akainama, akapapasa makasia kwenye giza lililoanza kuingia.

"Sita," alisema.

Vijana sita, na yule mwanamke. Maji yalimchuruzika toka kidevuni, hakuinua uso. Aneth hakuwepo. Kwenye mtumbwi wa nyuma, nafasi yake ilikuwa kavu.

"Aneth yuko wapi?" Levina alimshika Sikitu mabega. "Sikitu, mwanangu yuko wapi?"

"Tupo wote, mwalimu," Sikitu alijibu, akimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu.

Mzee Salvatory aliiokota chaki, akamwekea mkononi. "Ukiandika nane, mtoto atarudi. Lakini nane ni pamoja na huyu. Naye hatarudi majini tena."

Mkono wa Levina haukusita. Kama angeambiwa aandike mia, angeandika.

8.

Kisha ndani ya matete, hatua majini. Chubwi. Chubwi. Aneth akatoka akitembea kwenye maji ya magoti, kasia begani, analalamika kwamba wamemwacha. Levina alimkumbatia mpaka mtoto akaomba aachwe apumue. Alipogeuka, yule mwanamke alikuwa ameshaishika njia ya kwenda mjini. Hakuna aliyemfuata.

Shule haijafungwa. Siku hizi Levina anahesabu makasia, wala habishi. Ubao uko palepale, Mzee Salvatory ameufunika kwa turubai ili mvua isiifikie ile namba, na kila Levina akipita anachungulia. Amemuuliza mzee, yule mwanamke ni nani, anataka nini. Mzee anasema yeye ni mwendesha mitumbwi, si mganga.

Juzi Levina alichelewa kurudi nyumbani. Alipofika mlangoni taa ilikuwa inawaka, na ndani Aneth alikuwa anacheka. Mtu alikuwa akimsahihishia hesabu zake za shule, kwa upole, bila haraka, kama ambavyo Levina hutamani kufanya akiwa hajachoka. Sauti ilikuwa ya Levina mwenyewe.

Alisimama muda mrefu, ufunguo mkononi. Kisha, kwa kuwa mwanawe alikuwa ndani, akabisha hodi nyumbani kwake.

"Karibu," sauti yake ikamjibu.