Kizingiti cha Mlango wa Saba

Sekela Mwakatobe hakuwa na mume, hakuwa na gari la kuruka, hakuwa na sauti ya kuimbia kwaya, na mwavuli wake ulikosa mpini, tena katika mji wa Tukuyu ambako mvua haijui likizo. Hayo hayakumnyima usingizi. Alikuwa mhandisi wa kigawanuru, na kazi hiyo ilimtosha.

Kigawanuru kilikuwa mtambo mkubwa kama kabati. Kilipokea nuru iliyobeba sauti na sura za watu, kikaigawa mji mzima, kila mtaa kwa mlango wake. Kila mlango Sekela aliuwekea vizingiti viwili. Nuru ikipanda kupita sabini kwa mia ya uwezo wa mlango, kengele hulia; hainyamazi mpaka ishuke chini ya hamsini. Vizingiti hivyo vikikaribiana mno, kengele hulia na kunyamaza kutwa kama mtoto wa kudeka, na watu huacha kuisikiliza. Ikilia, Mlinzi, akili ya chuma iliyokaa ndani ya mtambo, huubana mlango ili mingine isikose nuru, hasa ule wa hospitali, ambako mikono ya chuma ilipasua wagonjwa kwa kuongozwa na madaktari wa mbali.

Alasiri moja kengele ya mlango wa saba ililia.

"Nimeubana," alisema Mlinzi. "Huenda ni uvamizi."

Hapohapo simu ikaita. Alikuwa shangazi yake, Tusajigwe, aliyekaa mtaa wa saba.

"We Sekela! Umemkata Gwakisa kichwa!"

"Nimemkata nani, shangazi?"

"Gwakisa wa marehemu Anyosisye! Tuko makaburini, kivuli chake kimebaki kiuno na miguu. Watoto wanacheka, wazee wamenuna. Mama wa watu azikwe na miguu?"

Sekela akashika kinywa. Gwakisa alikuwa mchimba madini huko Mwezini. Alihudhuria maziko ya mama yake kwa kivuli cha nuru, na ndugu mamia walifanya vivyo hivyo kutoka kila pembe, kwa kuwa Tukuyu kukosa msiba ni kujitoa katika ukoo. Huo ndio uvamizi wenyewe! Alipokuwa akiweka vizingiti, Sekela alipima wiki kadhaa akachukua wastani. Kumbe zilikuwa wiki ambazo mtaa wa saba haukufiwa.

"Hatufukii mpaka Gwakisa, mtoto wa kwanza, atupe udongo," shangazi aliendelea. "Dada yake ameushika, anangoja mkono wa kivuli uinuke ainue naye. Na Mwezi huo unazama."

Ukizama nyuma ya mlima, antena ya mji isingempata Gwakisa hadi kesho.

Sheria iliwaachia makao makuu peke yao kubadilisha kizingiti. Sekela aliwapigia hospitali.

"Kuna mtu mezani anapasuliwa?"

"Hakuna, dada. Tunakunywa chai, karibu."

Akapandisha kizingiti cha juu hadi tisini na tano, cha chini hadi themanini.

"Huna ruhusa," alisema Mlinzi.

"Najua. Andika kwamba nilijua."

Mlango ukapanuka. Kwenye simu ya shangazi kikaonekana kifua, kisha shingo, kisha uso wa mwanamume anayelia. Mkono wa kivuli ukainuka, na wa dada ukainuka nao. Udongo ukaanguka.

"Ndaga fijo, mama," Gwakisa alimshukuru marehemu kwa lugha ya kwao.

Shangazi akapenga kamasi. Halafu akashtuka. "Ngoja! Mwaka jana vivuli vya ndugu zetu wa Kyela vilitoweka katikati ya matanga ya babu yako. Tukasema wametususia. Nasi tukawatukana, wakafunga simu zao kwetu mpaka leo."

Sekela aliikumbuka kengele ya matanga yale. Siku ile alijipongeza kwa kuzuia uvamizi.

Makao makuu wangekuja na maneno yao, na angeyapokea. Kwanza alitafuta karatasi. "Ndugu zangu wa Kyela," aliandika, "hamkuondoka msibani. Mimi niliwabania mlango." Shangazi, alipofika, aliongeza kwa mkono wake: "Njooni mle ndizi, acheni kiburi. Hata mimi naacha changu."

Wakacheka. Sekela akalamba gundi, akaifunga bahasha, akaiweka katika makucha ya ndege-tumwa ya kupeleka barua, nayo ikapaa kuelekea Kyela.