Sikugusa Kitu

Kila alipotoka shule, Rukaiya alivua sare, akala, kisha akaenda kwenye chumba cha nyuma ya duka la baba yake, karibu na maegesho ya malori pale Makambako. Humo shangazi yake, Shamimu, aliwatengenezea watu kurasa za mtandao. Kazi hiyo ilikuwa ngeni mjini miaka hiyo, na kompyuta yake ilikuwa moja tu.

Wiki ile Shamimu alikuwa akitengeneza ukurasa wa kituo cha afya cha misheni, upande wa Njombe. Upepo ulikuwa umeezua paa la wodi ya wazazi, na akina mama walikuwa wakijifungulia stoo. Wafadhili wangekutana Jumapili, wautazame ukurasa huo, ndipo waamue kama watasaidia.

Kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, kilikuwa kikimsumbua. Kilikuwa na tabia ya kujifunga chenyewe katikati ya kazi. Shamimu aliguna, akakifungua tena, akaendelea.

Alhamisi, shangazi alipokwenda kuswali alasiri, Rukaiya aliketi kwenye kompyuta. Likatokea tangazo la programu ya kupamba skrini kwa maua na vipepeo. Alikuwa amekatazwa kukubali chochote asichokijua. Akabonyeza, akakubali. Vipepeo hawakuonekana, ila kivinjari kilijifunga. Akakifungua, kikajifunga tena. Akainuka upesi, akaenda kukaa dirishani.

"Mbona sasa hakikai hata kidogo?" Shamimu aliuliza aliporudi. "Ruki, umegusa kitu?"

"Sikugusa kitu, shangazi."

Shamimu alimwamini. Kwa sababu alimwamini, alianza kutafuta kosa ndani ya kazi yake mwenyewe. Alifuta mstari huu, akajaribu. Akafuta ule, akajaribu. Alidhani picha ni nzito, akazifuta, pamoja na ile ya mama aliyempakata mtoto kati ya magunia, ambayo hakuwa na nakala yake. Programu ya kuandikia kurasa nayo akaiondoa na kuiweka upya. Kivinjari kilifunguka, kikajifunga.

Kesho yake Sista Eufrasia, mkuu wa kituo, alifika kwa basi.

"Nisamehe, Sista," Shamimu alimwambia kwa sauti ya chini. "Nimetafuta kosa mpaka nimechoka. Nadhani kazi hii imenizidi. Mtafuteni mtu mwingine."

Sista alimuuliza: "Mwingine tutampata wapi kabla ya Jumapili, mwanangu? Juzi mama mmoja amejifungua huku mvua inamdondokea."

Rukaiya alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Akaitua sinia.

"Shangazi, nilikudanganya. Niligusa." Akaeleza yote, huku machozi yakimtiririka.

Shamimu hakumgombeza. Alimwambia amwoneshe alipobonyeza, akaitafuta programu ile, akaiondoa. Kivinjari kikatulia. Baadaye kilijifunga tena, kama kawaida yake, lakini Jumamosi jioni ukurasa ulikuwa tayari. Picha ya yule mama haikurudi.

Wiki iliyofuata Sista alipiga simu: wafadhili wamekubali kutoa mabati. Rukaiya alishusha pumzi. Ndipo Shamimu akamwita.

"Kivinjari hiki ni kibovu, nakijua, na nimejifunza kuishi nacho," alisema. "Kosa la mashine nalitafuta mpaka nalipata. Lakini uliposema hukugusa, ulinituma nikalitafute mahali ambapo halipo, nikabomoa kazi nzuri kwa mikono yangu. Kila mtu hukosea, Ruki. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijawaumiza wasiohusika."

"Nimeelewa, shangazi."

"Haya, vuta kiti. Leo nitakufundisha kuondoa programu uliyoiweka kwa makosa."