Kosa la Kupimwa Shati

Askari alianza likizo Jumatatu. Kufikia Jumatano, wivu ulikuwa umemnyima raha.

Zamani hakuwa mtu wa kushinda nyumbani. Alitoka alfajiri, akarudi jioni hoi. Mkewe alikuwa fundi wa nguo. Alishonea chumba cha mbele, mlango ukiwa wazi. Sasa askari alikaa sebuleni, masikio yamemsimama, akisikia kila kicheko.

Kicheko kilichomkera zaidi kilikuja na fundi wa vyerehani, jirani yao mpole mwenye vidole vyeusi kwa mafuta. Jumatatu alikuja kubadilisha mkanda. Jumanne akarudi kukaza skrubu.

"Cherehani gani hicho kinachougua kila siku?" askari aliuliza.

"Kimezeeka, mume wangu. Ninunulie kipya, basi."

Mkewe alitania. Askari hakucheka.

Alhamisi alichungulia. Mkewe alikuwa amemzungushia fundi utepe wa kupimia kifuani.

"Pumua, shemeji! Ukijibana, shati litakubana wewe," mkewe alisema, wote wakacheka.

Askari hakuona shati. Aliona mikono ya mkewe tu. Akakurupuka na kaptula na ndala zake.

"Uko chini ya ulinzi!"

"Shemeji, nimefanya nini?"

"Utajua kituoni. Lete simu!"

Alimpokonya simu, akamkunja mkono, akamkokota barabarani. Majirani walitoka nje. "Kumbe mwizi!" mmoja alisema. Fundi aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga.

Kwenye mapokezi ya kituo alikuwepo sajenti, mama mtu mzima asiyepaza sauti.

"Umemkamata kwa kosa gani?" aliuliza.

Askari alijikuna shingo. "Alikuwa na mke wangu, afande."

"Wakifanya nini?"

"Alikuwa... anapimwa shati."

Sajenti aliweka kalamu chini. "Kupimwa shati ni kosa la jinai tangu lini?"

"Lakini mimi ni askari hata nikiwa likizo!"

"Hapo hujakosea. Ukiwa likizo ukaona mtu anaiba au anampiga mwenzake, unaweza kumkamata. Lakini unajitambulisha. Unaonyesha kitambulisho. Unamwambia kosa lake, kisha unamleta hapa moja kwa moja. Wewe ulionyesha nini? Kaptula?"

Askari aliivuta kaptula yake chini.

"Mamlaka hayo umepewa ulinde watu. Hukupewa umalizie ugomvi wako. Jambo likikuhusu wewe, njoo ulalamike kama raia mwingine yeyote. Askari mwenzako atalichunguza. Na simu ya mtu huichukui kwa sababu roho inakuuma."

Sajenti aliichukua simu kwa askari, akamrudishia fundi. "Kaka, huna kosa. Uko huru. Ukitaka kulalamika, ni haki yako. Niandike?"

Fundi aliitia simu mfukoni.

"Andika, mama. Mtaa mzima umeniita mwizi."

Askari aliitwa kwa mkuu wa kituo, akapewa onyo kali la maandishi. Nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Mkewe alimwekea chakula bila neno siku tano. Siku ya sita alisema, "Ungeniuliza tu. Umeniaibisha mimi, ukamwaibisha na mtu wa watu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko onyo. Kesho yake alimwomba fundi msamaha. Kisha akapita nyumba hadi nyumba. "Jirani yetu hakuiba kitu," alisema kila mlango. "Mimi ndiye niliyekosea." Wengine walimcheka usoni. Akavumilia, akabisha mlango uliofuata.

Miezi miwili baadaye, siku yake ya mapumziko, aliona jamaa akimpora bibi mkoba sokoni. Alimkimbiza, akamdaka. Akatoa kitambulisho. "Mimi ni askari polisi. Nakukamata kwa kumpora huyu bibi." Akampeleka kituoni moja kwa moja, bila kumpiga hata kofi. Bibi alipata mkoba wake. Fundi wa vyerehani, aliyekuwa anapita, alimpa mkono.

Je, wivu uliisha? Haukuisha. Jioni moja mteja mgeni alitoka chumba cha mbele akinukia manukato. Roho ya askari iliruka. Akavuta kiti, akakaa karibu na mkewe.

"Mke wangu, yule ni nani? Naona wivu."

Mkewe aliacha kushona, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ni bwana harusi wa Jumamosi. Tumealikwa, mimi na wewe."